Bi Mkubwa wa Kinyozi

Mbwa mimi siwapendi, na nimeolewa na mtu asiyewapenda vilevile, kwa hiyo nyumbani kwetu hilo halijawahi kuleta ugomvi. Waliokuwa na ugonjwa wa mbwa ni dada yangu na mumewe kinyozi. Hasa dada yangu. Shemeji yeye aliukuta ndani ya nyumba, akauoa pamoja na mke.

Dada alifuga mbwa wa kuwindia, wale wa kimo cha wastani, rangi ya kahawia, wenye manyoya mafupi yaliyolala kama yamepigwa pasi. Watu walikuwa hawachoki kumtania shemeji kwamba mbwa wote wenye manyoya kawaacha, kaenda kuangukia asiye na cha kunyoa. Alicheka nao. Nyumbani kazi ziligawanyika bila mkutano: dada aliamua jike gani apandwe na dume gani, na kati ya watoto nani abaki na nani aende, shemeji alikata kucha, akasugua meno, akasafisha masikio, na kabla ya maonyesho akawapitisha kitambaa mpaka wakang'aa. Mkono alikuwa nao. Jicho lilikuwa la mkewe.

Na jicho lile halikuishia kwa mbwa. Siku nilipompeleka mchumba wangu kumtambulisha, dada alimwangalia akitembea kutoka getini hadi mlangoni, kisha akaninong'oneza, "Magoti yako sawa, ila mgongo una uvivu." Nilinuna wiki nzima. Leo mgongo ule haunyanyuki kwenye kochi mpaka usukumwe, lakini dada sikumpa raha ya kulijua hilo.

Uzao wa mwisho wa mbwa wake ulizaliwa dada akiwa tayari hoi kitandani. Watoto walipofikia umri wa kupimwa, alitaka waletwe chumbani. Shemeji aliwasimamisha mmoja mmoja juu ya meza ndogo kando ya kitanda, naye dada akawapapasa taratibu, kimya, hadi tukadhani amesinzia. Mwishowe akamshika jike mmoja mwembamba, mwenye kichwa cha kawaida tu, ambaye wenzake wakipigana yeye alikaa pembeni akiwatazama kama mama mkwe. "Huyu abaki," akasema. "Wengine watafutiwe watu wema."

Shemeji akauliza, "Kwa nini huyu?"

"Nitakueleza nikipata nguvu."

Hakuzipata. Tulimzika kabla mwezi haujaisha.

Yule jike tulimwita Bi Mkubwa. Shemeji hakutaka abaki peke yake kwenye nyumba iliyopoa namna ile, akawa anaenda naye kazini. Kinyozi ana chumba kimoja kinachotazama barabara: kiti cha kuzunguka, kioo chenye ufa kwenye pembe, benchi la wanaosubiri. Bi Mkubwa alilala chini ya benchi siku nzima, akikua. Wateja wakawa wanauliza mlangoni, "Bi Mkubwa yupo?" na asiyejua akidhani kinyozi kaoa tena. Mimi utani huo haukunichekesha.

Jambo lililotukosesha usingizi lilikuwa hili. Chama cha wafugaji hakikubali watoto wa jike yeyote waandikishwe mpaka mama yao apewe daraja la "bora" na jaji, mbele ya watu, kabla hajavuka umri waliouweka. Bi Mkubwa alikuwa anakaribia kuuvuka. Mama yake alishazeeka, na ndugu zake wote walikuwa wamefungwa uzazi huko walikopelekwa. Onyesho la mwaka ule ndilo lilikuwa la mwisho kwake. Akikosa, kile alichokijenga dada yangu maisha yake yote kinaishia kwa mbwa mmoja anayelala chini ya benchi la kinyozi.

Na wafugaji wenzake walikuwa wanasema. Walisema marehemu alikuwa ameleweshwa na dawa, kachagua mbwa siye. Walisema kichwa hiki hakimpeleki mtu popote. Nilikasirika kwa sababu na mimi nilikuwa nikiwaza hivyohivyo.

Shemeji alimwandaa kwa kadiri alivyojua. Mchana wateja wakipungua alimpandisha juu ya benchi na kumpanga: miguu ya mbele wima chini ya mabega, ya nyuma imerudi kidogo, shingo juu, mkia sawa na mgongo. Akimwambia "simama", Bi Mkubwa aliganda. Muuza magazeti alipita, pikipiki zilipita, mteja aliingia na mtoto anayelia, naye hakutikisa hata sikio. Jioni walikimbia pamoja kwenye uwanja wa shule ili ajifunze kutupa miguu mbele bila kurukaruka. Shemeji alipungua kilo. Bi Mkubwa hakupungua kitu.

Siku ya onyesho nilienda, nikasimama nyuma ya kamba pamoja na watu waliobeba mabrashi na chupa za maji. Shemeji alivaa suruali ya harusi yake. Jaji alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani ya kuning'iniza, asiye na haraka, mwenye sauti ya kubembeleza. Mbwa wanne walitangulia. Kisha shemeji akaingia, akampanga Bi Mkubwa, akamwambia asimame, naye akasimama hivi kwamba hata mimi nilinyooka.

Jaji akasogea. "Basi, tumwone na huyu."

Bi Mkubwa akajikung'uta mwili mzima kuanzia masikio hadi mkia, akageuka, akaanza kwenda zake upande wa kutokea.

Watu wakacheka. Shemeji akamrudisha, akampanga upya, jasho likimtoka. Jaji akangoja kwa upole. "Haya, usijali. Basi, tuanze tena."

Akajikung'uta. Akaondoka.

"Ana woga huyu?" jaji akauliza. Mbwa mwoga hapewi daraja, hata awe na umbo la namna gani.

"Hana woga, mheshimiwa. Sijui leo kapatwa na nini."

Mimi nilijua. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lile mara nyingi nikimsubiri mume wangu anyolewe. Shemeji akimaliza kichwa hukung'uta kitambaa, humpiga mteja bega na kusema "Basi!" Mteja huinuka. Na Bi Mkubwa hutoka chini ya benchi, hujikung'uta kama kitambaa, humsindikiza mteja hadi mlangoni. Hakuna aliyemfundisha. Kwake neno hilo lilikuwa na maana moja tu.

Aibu ikanitoka. "Shemeji!" nikapiga kelele toka nyuma ya kamba. "Anadhani umemaliza kunyoa!"

Uwanja mzima ukanigeukia. Shemeji akajishika kichwa.

"Mheshimiwa, ni lile neno," akamwambia jaji. "Nalisema dukani nikimaliza mteja. Akilisikia anajua kazi imeisha."

"Neno lipi?"

Shemeji akafungua mdomo, akamtazama Bi Mkubwa ambaye alishapangwa na ameganda vizuri kabisa, akaufunga. Jaji akasubiri. Ikabidi shemeji anyooshe shingo amnong'oneze sikioni, mbwa katikati yao. Mama yule alicheka mpaka miwani ikamdondoka kifuani.

Alipotulia hakuwa akicheka tena. "Sikiliza. Mimi natoa daraja kwa ninachokiona, si kwa ninachosimuliwa. Nitamwona tena baada ya wengine wote. Akivunja safari hiyo, nitaandika kwamba hapimiki, na hapo mimi na wewe tumemalizana."

Tulingoja. Sikumbuki mbwa waliofuata walikuwa wa namna gani.

Zamu ilipofika, jaji aliingia ameubana mdomo. Akafunua midomo ya Bi Mkubwa akatazama meno. Akashika kichwa, akashuka shingoni, mabegani, akapima kifua kwa viganja, akapita mgongo, nyonga, mapaja, akarudi mabegani na kukaa hapo muda. Bi Mkubwa hakutikisika. Jaji akaonyesha kwa kidole: kimbia. Wakakimbia, shemeji na suruali yake ya harusi, na yule mwembamba wa dada yangu akitupa miguu mirefu, chini chini, kana kwamba ardhi inamsaidia. Nyuma yangu mtu mmoja kati ya wale waliokuwa wakisema akasema, "Duh."

Jaji akaandika, akainua uso. "Bora."

Nilimkumbatia mtu nisiyemjua, mwenye brashi.

Lakini jaji hakuondoka. "Nani alimchagua huyu akiwa mdogo?"

"Mke wangu," shemeji akasema. "Marehemu."

"Alikuonyesha alichokiona?"

"Alisema atanieleza."

Mama yule akamtazama kidogo. Kisha akaushika mkono wake kama anavyoshikwa anayefundishwa kuandika, akauweka juu ya bega la Bi Mkubwa, akavishusha vidole vyake pole pole hadi mbele. "Hili ni kombe la bega, mfupa huu mpana. Sikia lilivyolala kwenda nyuma. Ndiyo maana mguu unafika mbali. Kichwa na rangi kila mtu anaviona, hili linatafutwa kwa vidole. Watoto wa huyu utawatafutia hapa." Akamwachia, akaenda mezani kwake.

Shemeji alibaki ameinama, mkono palepale. Watu wa zamu nyingine walikuwa wanaingia na mtu wa kamba alikuwa anampigia ishara atoke. Nikavuka kamba nimwondoe.

"Shemeji, lete mkono," akaniambia. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuwa na habari nayo. Akavichukua vidole vyangu akavikandamiza kwenye manyoya yale. "Hapa. Alishika hapa. Unalisikia?"

Nilisikia mfupa, na joto la mbwa. Hakuna kingine.

"Nalisikia," nikamwambia.