Waini Yangu kwenye Jagi la Shemeji

Leo nimekaribishwa waini yangu mwenyewe.

Kuna waini nyekundu fulani ambayo haiuzwi dukani. Wenye shamba wanawauzia tu walio kwenye orodha yao, na mimi nimengoja miaka hadi jina langu likakubaliwa. Nikaagiza chupa tatu, nizilaze besmenti, chini ya nyumba, mpaka binti yangu amalize chuo.

Huku ughaibuni mzigo wa pombe lazima mtu mzima autilie sahihi. Mimi ni nesi, mchana siko nyumbani. Nikaomba upelekwe Woodbridge kwa shemeji yangu Deno.

Akanipigia simu. "Pole sana shem, zimefika zote zimevunjika."

Na ni mimi niliyembembeleza. Nikamwambia si makosa yake.

Sasa leo ametuita kwake nyama choma. Nafika mezani, chupa yangu hii hapa, tupu, lebo ni ile ile. Kando yake kuna jagi. Waini yangu imechanganywa na soda na barafu.

Soda, jamani.

Nikamkazia macho Deno. Akaangalia nyama. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Tuombe."

Wote wakafumba macho. Akamshukuru Mungu kwa chakula, "na kwa kinywaji hiki, Baba, ulichotupatia kwa neema yako."



Halafu, kwa mazoea tu ya kanisani, nikaitika "Amina" kwa sauti kuliko wote.

Niambieni, nitaanzia wapi kumuuliza mtu ambaye nimeshamwitikia Amina?