Kahawa ya Baba Yake

Nilinunua mashine ya espreso, lakini kila kikombe kilitoka na ladha mbaya. Nikasaga kahawa laini zaidi, nikaishindilia, wapi! Jirani yangu hapa Shangani, mwalimu aliyeniletea kahawa hiyo kutoka shamba la baba yake kule Mbinga, alipopita kunijulia hali, nikamfokea: "Dada, kahawa ya baba yako takataka!"

Alichovya kidole kwenye tangi la mashine, akaonja.

"Kaka, si maji ya kisima haya?"

Yalikuwa ya kisima chetu cha uani, yenye chumvi, tunayofulia nguo. Akaleta maji ya mvua kutoka kwake, akanipikia kikombe. Kilikuwa kitamu mpaka nikashindwa kumtazama.

"Baba aliuliza umeionaje," alisema akivaa kandambili mlangoni. "Nilishamwambia umeipenda."