Injini ya Baba Mkwe na Chupa Zilizosagwa

Mke wangu anasema nina ugonjwa mmoja tu: nikiona chuma kichafu, sili. Anazidisha. Nakula. Lakini ni kweli kwamba nyuma ya nyumba yetu hapa Katoyi, mjini Goma, nina pipa la plastiki la bluu lililolazwa juu ya meza, na ndani yake nimeosha vipande vya pikipiki vingi kuliko sahani zote nilizowahi kuosha jikoni. Hilo la sahani naye analisema, tena mbele ya wageni.

Nieleze pipa kwanza, maana watu wakisikia "kuosha injini" wanafikiria sabuni ya unga na brosi. Ubavuni nimekata dirisha nikabandika kioo. Chini ya dirisha kuna matundu mawili yenye glavu ndefu za mpira, unaingiza mikono kama mtu anayemzalisha ng'ombe. Ndani kuna pistole, ile ya wapaka rangi, yenye mipira miwili. Mmoja unaleta upepo kutoka kompresa niliyoinunua kwa fundi wa matairi. Wa pili unavuta uji wa maji na unga wa kioo kutoka chini ya pipa. Unabonyeza, uji unaruka, unapiga aluminiamu, na weusi wa miaka ishirini unaondoka huku unautazama. Maji yana kazi mbili: yanalilaza vumbi lisiingie kifuani, na yanafanya kioo kipige kwa upole, chuma kibaki laini.

Upole huo niliujua baadaye. Mwanzoni nilitumia mchanga wa lava. Mtu wa Goma atatumia nini kingine? Lava tunajengea, tunakanyaga, tunakunguta kwenye viatu, na ni ya bure. Niliisaga, nikaichekecha, nikapiga nayo kifuniko cha injini ya rafiki yangu. Kikatoka kimechimbika chote. Rafiki akakigeuza huku na huku, akaniuliza, "Bwana, ulikiosha ama ulikitafuna?"

Ndipo nikahamia kwenye chupa za bia. Nazitwanga ndani ya kinu cha chuma, nimejifunga kitambaa puani, kisha nachekecha kwa kipande cha pazia. Majirani walipoona magunia ya chupa tupu yanaingia kwangu kila wiki wakaanza kunong'ona. Mama mmoja wa kanisani alifika mpaka nyumbani kuomba kwa ajili yetu. Alimshika mke wangu mikono, akafumba macho, akaomba sana Mungu ampe uvumilivu. Mimi nilikuwa palepale, na mikono yangu yote miwili ndani ya pipa.

Maji ndiyo ugomvi wa nyumba. Bomba la mtaa wetu linakohoa tu, kwa hiyo tunanunua maji ya ziwa yanayoletwa kwa bidoni, madumu ya plastiki, juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali. Mke wangu anazipanga bidoni mlangoni na kuzitaja kwa kidole: "Hii ya kupika. Hii ya kuoga. Na hii ya yule mwanamke wako wa plastiki." Tena maji ya ziwa letu yana chumvichumvi, yakikauka juu ya aluminiamu yanaacha madoa meupe. Kwa hiyo kusuuza nasuuza kwa maji ya mvua, na siku mvua ikinyesha utaniona uani na besheni zote za nyumba, hata ile ya mtoto.

Sasa muzee.

Baba mkwe wangu alitufikia kutoka milima ya Masisi, vita vilipowatoa huko. Wengine walikimbia na magodoro, mbuzi, masufuria. Yeye alikuwa na kofia, begi moja, na pikipiki iliyokwisha kufa. Aliisukuma mpaka Sake, ndipo lori likamhurumia. Usimcheke. Kwa pikipiki ile aliteremsha jibini sokoni miaka na miaka, akasomesha watoto watano, mke wangu akiwamo. Aliiegemeza kwenye ukuta wetu, na kila asubuhi alikuwa anatoka, anaitazama, anarudi kukaa.

Nikamwambia, "Papa, hii tutaifufua." Akafurahi, nilimwona. Tukaifungua pamoja, yeye kwenye kiti kidogo, mimi nimechuchumaa, akinieleza kila kipande kiliwahi kumfanyia nini. Lakini mikono ya muzee inatetemeka. Siku ya Jumatano alidondosha bolti moja ndogo kwenye changarawe ya lava, na bolti nyeusi ndani ya changarawe nyeusi, wewe itafute. Tuliitafuta saa nzima kwa magoti. Jua lilikuwa kali, nilikuwa na njaa, na hasira zangu haziishi mbali. Nilipoiona bolti, na yeye akanyoosha spana afungue inayofuata, nikamnyang'anya.

"Papa, kaa tu. Nitakuita ikiwa tayari."

Kwetu mkwe hamwambii hivyo baba wa mke wake. Hata sauti haipandi. Muzee alifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, akasema, "Sawa, mukwe yangu," akaingia ndani. Nilijua papo hapo nimekosa. Nikaendelea kufungua bolti kama mjinga.

Jioni tumezunguka sahani, muzee akamgeukia binti yake. Kwa kawaida wao wawili wanasema Kihunde, lugha ya kwao. Siku ile alisema Kiswahili, nisikie vizuri.

"Ambia bwana yako, bale batu banayeyusha aluminiamu kwa kutengeneza masufuria, nimebaita. Batapita Jumatatu. Ile injini itatoa sufuria mbili nzuri."

Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwake, mkono wangu umo kwenye sahani ileile.

"Papa, juu ya nini?" mke wangu akauliza sababu.

"Kitu chenye hakitembee kinanikumbusha kila asubuhi kama na mimi sitembee. Afazali kipike."

Nikamwambia mke wangu, "Mwambie Papa itawaka Jumamosi."

"Mwambie ikiwaka Jumamosi, sawa. Ikikataa, Jumatatu inaenda," muzee naye akamwambia.

"Kwani mimi ni posta?" mke wangu akasema, akachukua sahani akaondoka, na sisi wawili tukabaki tunatazama meza.

Alhamisi alfajiri nilikuwa kwenye pipa. Kazi hii ina jambo moja zito: kabla hujapiga uji wa kioo, lazima uzibe kila tundu ambalo kioo hakitakiwi kuingia. Matundu ya bolti, na hasa njia za mafuta, zile njia nyembamba zinazopandisha mafuta mpaka kwenye kichwa cha injini. Punje chache zikibaki humo, injini inajisaga yenyewe. Kwenye video za simu wazungu wanaziba kwa vizibo vya mpira vya kila ukubwa, vimepangwa ndani ya sanduku. Mimi naziba kwa bugali ya muhogo, ndiyo ugali wetu. Usicheke kabla hujajaribu! Bugali ya jana, iliyopoa, ukiifinyanga kidogo inashika tunduni vizuri, maji yanachelewa kuilainisha, na ukimaliza unaichokoa kwa bisibisi. Nimeitumia mara nyingi, na hasara yake moja ni mke wangu kunikuta naivizia sufuria.

Niliziba matundu yote. Nikapiga siku nzima. Kutoka chini ya weusi wa muzee ilitokea rangi ya fedha iliyotulia, na nilipoiona nilipiga kelele peke yangu. Majirani wakaja, wakapitisha vidole, wakasema hii imetoka dukani. Nikachokoa vizibo, nikasuuza kwa maji ya mvua, nikavianika vipande juani. Muzee alipita kuelekea chooni. Akatazama. Akapita tena kurudi. Iliniuma kuliko kama angenitukana.

Ijumaa niliifunga injini. Jumamosi asubuhi nikaweka mafuta mapya, esanse, yaani petroli, kidogo, nikapiga teke. Mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kikohozi. Mara ya sita ikawaka. Jamani! Mke wangu akapiga vigelegele na kijiko mkononi, majirani wakapanda juu ya ukuta wa mawe, na mimi nikawa nageuka huku na huku nikitafuta mtu wa kunipongeza.

Muzee akatoka ndani, kofia kichwani. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano akasema na mimi uso kwa uso.

"Mafuta inapanda?"

"Papa, sikia inavyoimba!"

"Nimeuliza mafuta."

"Inapanda, Papa, si unasikia?"

Hakubishana. Alivua kofia, akaikunja mkononi, akainama, akashika kwa kofia ile waya wa buji, ile plagi ya cheche, na kuuchomoa. Injini ikafa. Nilichemka, nakuambia, mbele ya mtaa mzima! Muzee akanyoosha mkono, kiganja juu. Nilijua anataka spana. Nikampa.

Kuna bolti moja ndogo kwenye kichwa cha injini, nilikuwa nimeiosha na kuifunga bila kujiuliza kazi yake. Muzee akaitafuta kwa spana. Mkono ukatetemeka, spana ikateleza. Akarudia, ikateleza tena. Nilifunga mikono yangu nyuma ya mgongo, nikaibana kwa nguvu, isije ikaenda kumsaidia. Mara ya tatu spana ikashika. Akailegeza bolti mizunguko miwili, akarudisha waya.

"Piga teke. Hesabu mpaka makumi mbili."

Ikawaka. Nikahesabu kwa sauti. Kama mafuta yanapanda, alisema, lazima yatoke pale kwenye bolti. Kumi, pakavu. Kumi na tano, pakavu. Ishirini. Akachomoa waya tena.

"Kule kwetu, injini ukiifungua, hauiamini mpaka mafuta ikupake kidole," akasema. "Ingeimba hivi dakika tano, ingekuwa ya masufuria kweli."

Tulikitoa kichwa cha injini, yeye akishika hiki, mimi kile, na sasa nilimngoja kila mara anaposhika. Nikaingiza waya kwenye njia ya mafuta. Ukagonga kitu. Nikasukuma, nikazungusha, nikasukuma tena, mpaka kikadondoka kiganjani mwa muzee kipande cha kijivu, kigumu kama jino. Jua lilikuwa limekioka.

Muzee akakinusa. Akakigonga kwa ukucha.

"Mukwe yangu. Hii ni bugali?"

"Ndiyo, Papa."

"Ya muhogo?"

"Ya muhogo."

Alicheka mpaka akakaa juu ya bidoni. Tangu afike kwetu hatukuwa tumemsikia akicheka, na mke wangu alitoka mbio jikoni akidhani kuna mtu ameumia. "Hii piki nimeinywesha esanse ya bichafu," muzee akasema huku anafuta machozi, "nimeiangusha mutoni, siku moja niliitia mafuta ya mawese ili nifike. Lakini kuilisha bugali! Hata ng'ombe banakataa!" Akamwita jirani aje aone. Akawaita na wale wa ukutani.

Walipoondoka nikamwambia, "Papa, unisamehe kwa ile ya Jumatano." Niliona aibu, na niliisema nikiwa namtazama.

"Jumatano kulikuwa nini?" akasema. "Nipe kile kitambaa."

Tulifunga mpaka alasiri. Tukawasha, bolti imelegezwa, na nilipofika tisa tone la mafuta likachomoza, safi, rangi ya asali, likateremka juu ya ile fedha. Muzee akalipokea kwa kidole, akanionyesha. Kisha akaikaza bolti mwenyewe. Kabla ya kula aliwapigia simu watu wa masufuria, akawaambia wasijisumbue.

Jumapili, tuliporudi kutoka misa, pikipiki haikuwapo ukutani. Muzee alikuwa ametangulia kutoka kanisani, tulidhani amechoka. Mke wangu akampigia, na simu ikalia juu ya kitanda chake. Hapo mke wangu akanianza. "Na mikono ile! Na malori yale ya barabara ya Sake! Wewe na pipa lako!" Nilisimama barabarani saa mbili nzima, kila pikipiki ikipita nanyoosha shingo.

Akarudi jua likiwa limelegea, polepole, katikati ya njia, mavumbi mpaka kwenye nyusi. Akasimama mbele yetu bila kuzima injini. Mke wangu alikuwa ameandaa maneno mengi, akauliza moja tu.

"Papa, ulikuwa wapi?"

"Nilipita Mugunga. Nikaenda mpaka pale unaona milima ya kwetu muzuri." Alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono yote miwili. "Sikuizima. Nilisimama tu, nikaangalia."

Akageuka kutazama kule alikotoka.

"Milima iko," akasema. "Kijani sana. Majani imekuwa marefu, juu ya ng'ombe hazipo za kuikula."

Mke wangu akageuka haraka akaingia ndani. Mimi nikachukua kitambaa nikaanza kufuta injini, ingali ya moto, mpaka muzee akaniambia niache, nitaungua.