Kofia Iliyorudishwa Stoo

Jirani yangu wa Kaloleni alikuwa askari jela, na kila alipokuja nyumbani kwa mapumziko mimi nilikuwa na kazi moja tu: kumchokoza. Akishakaa kizingitini kung'arisha buti, nilimwambia, "Wewe na wafungwa wako mnatofautiana ufunguo tu."

"Na wewe?" alinijibu bila kuinua kichwa. "Umejifungia humo ndani na hakuna hakimu aliyekuhukumu. Wangu angalau hutolewa kuota jua."

Alisema kweli. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mtaani wananiita kuku wa kuatamia. Hata chumvi huagiza.

Bweni la wafungwa liliposhika moto, yeye alikuwa ameshatoka nje salama. Akarudi ndani na funguo kufungua milango ya nyuma. Wafungwa wakatoka. Yeye hakutoka. Juu ya hilo sina utani.

Matanga hayajapoa, maafisa wawili wakaja kwa mjane wake, ambaye mimi humwita shemeji, kuchukua sare. Mali ya serikali, walisema. Shati, mshipi, sweta, buti, kofia. Shemeji alizipiga pasi kwanza, akazikunja kana kwamba mwenyewe anaingia zamu. Wakazikagua, wakauliza kifungo cha mkono wa kushoto kimeenda wapi. Soksi hawakuzitaka. Serikali nayo ina huruma zake.

Mwaka uliofuata shemeji akapigiwa simu: kuna siku ya kuwaenzi maafisa waliofia kazini. Aje, tena aje na kofia ya marehemu, iwekwe mezani mbele ya watu, mshumaa kando yake.

"Shemeji, hebu nisikie vizuri," nilimwambia. "Walioichukua ndio wanaoitaka?"

"Ndio hao hao. Nimewaambia, wanasema ati nijaribu kutafuta. Wewe vaa suti yako. Siendi peke yangu."

Suti ilinikubali hadi tumboni, ikakataa kuendelea. Nikaenda hivyo hivyo, koti wazi.

Hema la wakubwa lilikuwa na zulia, maji ya chupa na viti vilivyovishwa vitambaa kama maharusi. Letu lilikuwa na jua. Mzee mmoja kando yetu alikuwa amepakata kofia mpya. Akatunong'oneza kwamba ni ya bawabu, ameinunua soko la Gikomba asije akaaibika. Aaibike yeye! Mwanawe kafa kazini, kofia wameibeba, na aibu pia aibebe yeye?

Afisa msimamizi wa sherehe akatufikia. "Mama, kofia?"

"Mnayo nyinyi."

"Ah, hiyo ilirudi stoo."

"Basi itoeni stoo."

Akacheka, akidhani ni mzaha. Kisha akamwambia askari aliyesimama karibu avue yake, akamletea shemeji. "Tumia hii, mama. Ni ya picha tu."

Shemeji aliipokea, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye utepe wa ndani. Ulikuwa bado na jasho.

"Mwenye hii yuko hai," akasema. "Mrudishie. Simwekei mtoto wa watu mshumaa."

Mimi hasira zilikuwa zimenijaa. Nilikuwa na hotuba nzima tayari. Nilipofungua mdomo likatoka neno moja, "Kabisa!" Basi.

Jina la marehemu likasomwa. Shemeji akaenda mbele mikono mitupu, akawasha mshumaa kando ya nafasi iliyo wazi, akasimama papo hapo. Mpiga picha akamwashiria asogee kidogo azibe lile pengo. Hakusogea. Afisa akaja kumnong'oneza, huku akitabasamu kwa ajili ya hema la zulia. Hakusogea.

Mgeni wa heshima alikuwa akipita mezani kuwapa familia pole, kipaza sauti mkononi. Akafika kwenye mshumaa ule, akatazama kitambaa cha meza kitupu.

"Na ya huyu iko wapi?"

Shemeji akamwelekezea afisa kidole. "Muulize huyu."

Kipaza sauti kikahamia kwa afisa, na uwanja mzima tukamsikia akikohoa.