Shuka ya Ewesit na Kompyuta ya Nyumba

Mwanangu Ewesit ni dalali katika soko la mifugo la Isiolo, na mtu wa kumuuzia ng'ombe mgonjwa bado hajazaliwa. Mbuzi akikohoa kule mbali Ngaremara, Ewesit akiwa kwetu Chechelesi anakunywa chai, atakwambia huyo ana mimba ya wangapi. Hapo sijaongeza chumvi. Nitakapoongeza nitawaambia.

Bega lake la kushoto halikosi shuka nyekundu. Hiyo ndiyo ofisi yake. Yeye na muuzaji au mnunuzi wakifika penye bei, wanaingiza mikono chini ya shuka, vidole vinaongea, na waliosimama karibu wanaona kitambaa tu kikitikisika. Mpaka wakubaliane, hakuna wa tatu anayefungua mdomo, na hakuna anayetoa mkono. Dalali akiutoa, soko lote litasema vidole vyake vina uongo. Ewesit alianza kazi hiyo kabla kaunti haijazaliwa, na hajawahi kuutoa.

Basi binti yake, Akidor, alikubaliwa nusu na chuo kimoja cha mbali, asomee kuchora ramani kwa kompyuta akiwa hapa hapa nyumbani. Nusu nyingine ilitegemea kazi moja: achore mito na malambo ya upande wetu, aitume kabla ya Ijumaa jioni. Asipotuma, nafasi inapewa mwingine. Alikuwa ameianza kwenye saiba, duka la kukodisha kompyuta, lakini huko dakika zikiisha unaondolewa kwa kiti kabla mto haujafika kona. Kwenye simu ramani haikufunguka kabisa.

Jumatano tukaamua kununua kompyuta ya nyumba. Judy, mama yake Akidor, akasema iwe ya mezani. Zile za kukunja ni kama mbuzi wa maziwa anayeazimwa na kila ndugu. Siku moja anaondoka moja kwa moja. Ya mezani inabaki kwa boma, kila mtu anakuja kukamua kwa zamu yake. Zamu zikapangwa hapo hapo: asubuhi Ewesit na bei zake za soko, mchana Akidor, jioni Judy na nyimbo za kwaya. Mimi sikuulizwa. Nikaliweka hilo mahali.

Kabla hatujatoka, Ewesit alitupa sheria ya soko. Mnyama unayemtaka, mtafutie kasoro. Usiyemtaka, msifu. Muuzaji akijua macho yako yamependa, ameshakufunga kamba.

Duka lilikuwa la Abdinajib. Babu yake alikuja na jeshi la Waingereza, akabaki akiuza ngozi na mifugo. Mjukuu anauza kompyuta. Akatupokea vizuri, akaniita ayeyo, vile Wasomali wanamwita nyanya. Mezani kulikuwa na mashine mbili mpya. Moja ilikuwa na sanduku kubwa kama kichuguu, ubavu wa kioo, ndani taa nyekundu na za buluu. Nyingine ilikuwa ndogo ya kijivu, kuku angeweza kuiatamia.

Ewesit akazikagua kama alivyozoea. Akapapasa mgongo, akahesabu matundu ya nyuma kama meno, akaziinua moja moja kupima uzito, akauliza mama yao ni nani. Abdinajib akatoa karatasi za kiwanda, hakucheka.

Akidor akafuata sheria. Ile ya kijivu akaitazama kama mtu aliyekanyaga kinyesi, akasema imekonda, hata ukipewa bure utaona aibu kuipitisha barabarani. Akageukia ile ya taa, akaizunguka, akasema huu sasa ndio mwili. Mtoto alidanganya vizuri. Hiyo ni damu yangu. Alidanganya vizuri mpaka baba yake, aliyempa sheria, akaamini. Kabla sijapumua, shuka ilikuwa imeruka kutoka begani na mikono miwili iko chini yake, Ewesit akinunua ile ya taa.

Akidor akaganda. Wa tatu haongei. Aliangalia ile ya kijivu, akaniangalia, akarudi kwa ile ya kijivu.

Mimi na sheria tunajuana, lakini hatusalimiani. Nikaanza kumsimulia Abdinajib habari ya kimbunga kilichopita Kiwanjani, kikanyakua punda wangu na mitungi miwili ya maji, kikamtua Garba Tulla, safari ya saa kadhaa kwa gari. Maji hayakumwagika tone. Hapo nimeongeza chumvi kidogo tu. Nikaona shuka imeacha kutikisika.

"Punda yule alikuwa mdogo," nikasema. "Tulikuwa na mwingine mnene wa kupendeza. Siku tuliyomfunga mkokoteni, alilala. Hawa wawili mmewaona wamesimama. Nani amewaona wakivuta?"

Maneno hayo ni ya Ewesit mwenyewe. Huwatukana nayo wanunuzi wajinga kila Jumatatu. Akidor alishavua flashi yenye ramani yake, iliyoning'inia shingoni. Wanaume wakasogea pembeni, mikono bado chini ya shuka, kama ng'ombe wawili wa jembe moja.

Ile ya taa ikapokea ramani, ikaleta kiduara, kiduara kikazunguka. Kilizunguka hadi chai ikaletwa, ikanyweka, na msichana wa chai akaolewa akapata watoto. Hapo ndipo nimeongeza nyingi. Ile ya kijivu ikafunguka, mto Ewaso Nyiro ukateremka buluu, na malambo yakafuata moja moja kama ngamia wakienda kunywa.

Nikamuuliza Abdinajib kwa nini hakusema mapema ipi inavuta.

"Mteja akimtukana mnyama wangu, ayeyo, mimi simbembelezi."

Ewesit akamwangalia binti yake. "Sema bila sheria. Unataka gani?"

"Ya kijivu, baba. Tangu mlangoni."

Ewesit akaitazama ile ya kijivu. Halafu, mbele ya wateja wengine wawili, akautoa mkono wake.

"Abdinajib, vidole vyangu vilikuwa vinanunua uongo niliofundisha mwenyewe. Ukitaka, wape watu wa soko habari hiyo."

Abdinajib hakutoa wake. Alibaki nao pale pale chini ya shuka, akasema, "Ingiza tena. Huyu ni mnyama mwingine."

Ile ya kijivu ikaja Chechelesi pamoja na betri ya kuishikilia stima ikipotea. Ijumaa stima ilipotea mara mbili. Ramani ikaenda jua likiwa bado juu ya mabati, na wiki iliyofuata chuo kikampa Akidor ile nusu iliyobaki.

Siku hizi Ewesit akirudi kutoka sokoni anaitandika shuka juu ya mashine, vumbi lisiingie, na asubuhi anairudisha begani aende nayo kazini. Sokoni bado wanashika vidole vyake. Na mimi, ambaye sikuulizwa, nilijipa zamu ya Jumapili. Zamu ya kwanza nilimketisha Akidor, nikamwambia atie nukta Garba Tulla, pale punda alipotua. Akasema ramani haiwekwi uongo. Nikamkumbusha nani alidanganya dukani. Nukta iko, nyekundu, na ukimwomba ataikuza mpaka uone mitungi.