Silantoi Ainama Jukwaani

Vijana wa Moshono siku hizi wananiamkia huku wanatazama simu. Silantoi, binti wa jirani yangu, bado huniinamishia kichwa nikiguse, kama sisi Waarusha tulivyolelewa.

Juzi chuo kilimtunuku cheti cha mwanafunzi bora wa shahada ya uzamili. Profesa aliyekuwa akigawa vyeti akamnyooshea mkono, yeye akainama. Ukumbi ukacheka. Silantoi hakuinuka, maana kuinuka kabla ya kuguswa ni kumdharau mkubwa.

Nikasimama kwenye viti vya wageni. "Mguse kichwa, Profesa, tusije tukalala hapa."

"Kumbe ananiamkia, mzee?"

"Sasa ulidhani anatafuta sindano?"

Profesa akamgusa. Silantoi akainuka akicheka, akapokea cheti chake. Washindi wawili waliomfuata wakainamisha vichwa nao, na safari hii ukumbi ulipiga makofi.