Kiti Kilichorudi Kikiwa Safi Mno

Tarehe 11 Februari 2019 Syokau Mbaluka alisajili jina la biashara, na katika nafasi ya kueleza kazi yenyewe akaandika maneno matano: viti, vitanda, vigari, kwa wasafiri.

Alikuwa na miaka thelathini na tano na alikuwa ameacha kazi ya mapokezi katika zahanati ya watoto. Kila Desemba pale mapokezi aliziona familia zile zile zikitoka ng'ambo: mtoto masikio yanamuuma kwa sababu ya ndege, mama hajalala siku mbili, baba anasimulia jinsi kigari cha mtoto kilivyosahauliwa kwenye uwanja wa kubadilishia ndege. Syokau aliona kwamba watu wale wangelipa ili wasibebe. Akakodi chumba cha ghorofa ya chini huko Hurlingham, nyuma ya jengo la maofisi, na kukijaza viti vya gari vya watoto, vitanda vya kukunja na vigari vya kusukuma.

Ana utaratibu wake. Kila kifaa kina nambari iliyoandikwa chini yake kwa wino usiofutika, na kila nambari ina kadi ndani ya kisanduku cha bati. Kwenye kadi huandika jina la mtoto, umri wake, uzito wake na nambari mbili za simu, ya mzazi na ya jamaa anayeishi Nairobi. Mikanda ya kiti huipima mwenyewe kabla kiti hakijatoka. Kidole kimoja kipite kati ya mkanda na kifua cha mtoto. Vikipita viwili, mkanda umelegea. Wateja wakimuuliza jina la mtoto ni la nini, huwajibu kwamba hawezi kuifungia mikanda nambari.

Vifaa hurudi vichafu. Syokau amewahi kukuta zabibu kavu, maziwa yaliyoganda, soksi moja moja zisizo na idadi, na siku moja meno ya bandia ya babu wa mtu. Hakuna mzazi anayerudisha kiti kikiwa safi, na yeye hategemei hivyo. Ndiyo maana Jumanne ya tarehe 18 Aprili 2023 anaikumbuka vizuri kuliko anavyotaka.

Kiti nambari kumi na nne kilikuwa kimekodiwa wiki mbili kabla, na familia iliyokuja kutoka Doha kwa Pasaka. Kadi ilisema: Kibe, miezi kumi na tisa, kilo kumi na moja. Aliyekirudisha hakuwa baba wala mama, bali mjomba wa mtoto, Jamleck Mwaura, mwenye duka la miwani Parklands. Nambari yake ndiyo ilikuwa ya pili kwenye kadi. Alikiweka kiti juu ya meza kwa mikono miwili, akasema wenyewe wamerudi Doha mapema, akasema kila kitu kiko sawa. Gari lake lilikuwa linanguruma nje. Syokau alipomwambia asubiri kidogo akikague, alikuwa amekwisha kufika mlangoni.

Kitambaa cha kiti kilikuwa kimefuliwa, na kimepigwa pasi. Kilikuwa na mstari mkali katikati, kama mkono wa shati la shule siku ya Jumatatu.

Alikigeuza kiti, akakitikisa. Kwenye mfereji wa mkanda vilidondoka vipande viwili vya kioo cha gari, vidogo kama chembe za sukari. Kisha akauvuta mkanda wa bega la kushoto mpaka mwisho. Mahali palipokuwa pamejificha ndani ya plastiki, kwa urefu wa vidole vitatu, uzi ulikuwa umekuwa mweupe na kung'aa. Mkanda huwa hivyo ukivutwa mara moja tu, kwa nguvu nyingi sana, na uzito ulio mbele yake.

Kanuni ya kazi hii haina mjadala. Kiti kilichopata ajali hakibebi mtoto tena, hata kama kwa macho ni kizima. Kinakatwa mikanda, ganda linavunjwa, ili mtu asije akakiokota jalalani akamweka mwanawe ndani. Syokau alichukua mkasi. Ule wa kushoto alikuwa ameurudisha mahali pake, na mikanda yote ilikuwa bado iko kwenye kipimo alichoweka yeye, kipimo cha mabega ya Kibe. Alipitisha kidole chini yake, penye hewa, halafu akaurudisha mkasi kwenye droo.

Siku hiyo alipiga simu ya baba, na sauti ikamwambia mteja hapatikani. Ya Jamleck hakuipiga. Alipanda kigoda, akakiweka kiti kwenye rafu ya juu kabisa, kikielekea ukutani.

Kilikaa huko miaka miwili na miezi minane. Syokau ni mshirika wa kanisa, si mtu wa kuamini mizimu, na kwa jambo hili hakuhitaji mizimu. Ile pasi ilimtosha. Asubuhi alipofungua duka alijiambia kwamba ni mama aliyeipiga, na mama anayepiga pasi nguo ya kiti ana mtoto hai nyumbani, ameshukuru na anataka kurudisha mali ya watu kwa heshima. Ikifika mchana alimkumbuka mama yake mwenyewe kule Mwala, ambaye baada ya kumzika kaka yake Syokau alipiga pasi kila nguo ya marehemu kwa wiki nzima, hata soksi. Kisha anakuja mteja na mtoto wa rika lile, na Syokau anajikuta akipiga hesabu. Kibe sasa ana miaka mitatu. Kibe sasa ana minne, angehitaji kiti kikubwa zaidi. Wakati mwingine akiwa peke yake alisikia kifungo cha mkanda kikilia, kile kilio kifupi cha plastiki. Aliinuka na kukagua viti vyote vya chini, kimoja kimoja. Rafu ya juu hakuitazama.

Kosa alilofanya lilikuwa la utaratibu. Alinunua kiti kingine cha aina ile ile, cha kijivu vile vile, na kwa kuwa pengo kati ya kadi ya kumi na tatu na ya kumi na tano, alipoitoa kadi ya Kibe, lilimkera kila alipofungua kisanduku, akakipa kiti kipya nambari kumi na nne. Cha zamani hakukifuta nambari. Kukifuta kulihitaji kukishusha.

Mumewe, Zadock, ni fundi wa maabara katika shule ya bweni, na likizo ya Desemba humsaidia kusambaza vifaa kwa gari lao. Habari za Kibe hakuwahi kuambiwa. Syokau hakuwa na namna ya kumweleza bila yeye kuuliza kama mtoto alipona.

Ijumaa ya tarehe 19 Desemba 2025 Syokau alikuwa kwenye kikao cha kamati ya akina mama kanisani. Kulikuwa na oda ya Kitisuru: Wamucii, aliyefika kutoka Leeds siku mbili kabla na kufikia kwa wazazi wake, pamoja na bintiye Shiru wa miaka miwili na miezi minne, kilo kumi na mbili. Jumamosi wangeruka kwenda Diani kwenye harusi. Alitaka kigari, kitanda cha kukunja na kiti chenye kibandiko kinachoruhusu kutumika ndani ya ndege, maana Shiru alikuwa amevuka umri wa kupakatwa na kwenye kiti cha watu wazima alikuwa akiteleza chini ya mkanda kama samaki. Syokau alimwandikia mumewe: peleka kumi na nne.

Jumamosi, saa tatu kasorobo, alipanda kigoda kutafuta mfuko wa kitanda. Kwenye rafu ya juu palikuwa na mraba usio na vumbi.

Zadock hakumjia akilini kwanza. Alichowaza ni kwamba watu wa Kibe wamekuja kukichukua. Alisimama juu ya kigoda ameshika ubao wa rafu mpaka wazo lile lilipopita, kisha akashuka na kupiga simu nyumbani.

"Baba Muema, kiti kilichokuwa huku juu kiko wapi?"

"Si ndicho kumi na nne? Nilikipeleka Kitisuru jana." Zadock alikuwa anakula. "Nikuambie, vumbi yake ungeweza kupanda kunde. Nikakipanguza. Na mikanda ilikuwa imekaza kama ya mtoto mchanga, nikailegeza."

Kwa hiyo kipimo cha Kibe hakikuwepo tena. Syokau alikata simu. Alipiga simu kwa Wamucii mara nne. Iliita mpaka ikakata. Ujumbe aliomwandikia ulikaa na alama moja tu, haujamfikia. Ndege ilikuwa ya saa tano na dakika ishirini, kutoka uwanja wa Wilson. Alikitupa kiti kipya kwenye buti la gari, akafunga duka, akashika Ngong Road na kukata kwenda Mbagathi. Njia nzima alikuwa akisema kwa sauti, peke yake, maneno ambayo angemwambia mama yule. Angeweza kusema kifungo kina hitilafu ndogo. Angeweza kusema tumeleta kizuri zaidi. Ni mambo mteja huyakubali bila kuuliza.

Aliwakuta kwenye kaunta. Wamucii alikuwa amezungukwa na vitu: kigari kilichokunjwa nusu, kitanda ndani ya mfuko usiofungika, begi la nepi, kofia ya harusi ndani ya boksi. Kiti kilikuwa juu ya mizani, na Shiru ndani yake, amefungwa mikanda, amelala kichwa kikiwa kimeangukia begani. Karani wa kaunta, kijana mrefu aitwaye Dalmas, alikuwa akisoma nambari za mizani.

"Huyu naye nimwandike mzigo ama abiria?"

"Mwandike mzigo," Wamucii akamjibu, "na utaenda kukaa naye huko nyuma wewe. Akiamka ndio utajua uzito wake."

Syokau alijitambulisha. Kisha, badala ya maneno aliyoyapanga, akainama na kukishika kifungo cha mkanda. Kilikuwa kigumu, hakijafunguliwa na mkono wake tangu alipokifunga juu ya kifua cha mtoto mwingine. Alibonyeza mara mbili. Kilipoachia, kilitoa ule mlio aliokuwa akiusikia dukani. Alimtoa Shiru, ambaye aliamka na kulia, na akamkabidhi kwa mamake.

"Mama Shiru, kiti hiki kilipata ajali. Kilitolewa kimakosa. Kosa ni langu."

Wamucii alikitazama kiti, kisha mlango walioingilia. "Nimetoka nayo Kitisuru. Nimepita nayo bypass, mtoto akiwa ndani."

"Najua."

"Na mwenye alikuwa ndani, siku ya hiyo ajali?"

"Mtoto wa miezi kumi na tisa. Anaitwa Kibe."

"Alipona?"

"Sijui."

"Hujui. Ilikuwa lini?"

"Aprili, mwaka wa ishirini na tatu."

Wamucii alimhamishia mtoto bega la pili. Hakupaza sauti. "Karibu miaka mitatu hujauliza. Na ukaiweka. Mimi hata nikisahau chupa ya mtoto kwa watu, napigiwa simu."

Syokau alianza kuomba msamaha, akakatizwa. Wamucii alisema hataki pole, anataka kuona kiti kile kikikatwa kabla hajapanda ndege, kwa sababu kama kimewahi kusahauliwa juu ya rafu, kitasahauliwa tena, na safari ijayo atakayekaa ndani si Shiru. Dalmas, aliyekuwa ameacha kuandika, akafungua droo, akatoa mkasi wa kukatia kamba za mizigo na kuusukuma juu ya kaunta. Nyuma kulikuwa na foleni ya watu watano. Mmoja aliuliza kama kuna shida, akaambiwa asubiri.

Mikanda ya kiti ni migumu kuliko inavyoonekana. Syokau alipiga magoti kando ya mizani na kuuanza mkanda wa kulia, uzi kwa uzi, mpaka ukakatika. Wa kati ya miguu ukafuata. Ule wa bega la kushoto aliuvuta wote nje kwanza, mpaka sehemu nyeupe ikatokea, na Wamucii akainama kuiona. Aliigusa kwa kidole kimoja. Kisha akakifunika kichwa cha Shiru kwa kiganja, kama mtu anayemkinga mtoto na jua, ingawa walikuwa ndani.

Syokau akakata.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya kawaida. Alimkalisha Shiru kwenye kiti kipya, akapima mikanda kwa kidole kimoja, akamwonyesha Dalmas kibandiko. Dalmas akapima upya, akasema uzito umezidi kwa kilo mbili, akatazama vipande vilivyokuwa sakafuni na kuandika kwamba haukuzidi. Wamucii aliondoka kuelekea kwenye ndege bila kuaga. Alipofika mlangoni alirudi hatua tatu.

"Muulize mtu," alisema. "Ukishajua, usinipigie. Lakini uliza."

Syokau alilibeba lile ganda mpaka kwenye gari na kulivunja kwa jeki. Kisha akakaa kwenye kiti cha dereva, na simu ya Jamleck Mwaura ikaita mara tatu tu. Alisema jina lake, na jina la duka. Upande wa pili mashine fulani ilikuwa ikisaga kioo.

"Nilidhani ungepiga wiki ile," Jamleck akasema.

Hakumweleza zaidi. Alisema si maneno ya simu, na kwamba siku hiyo duka lilikuwa na watu. Akauliza kama kiti bado kipo. Syokau akamwambia amekikata asubuhi ile. Jamleck akasema sawa.

Jumatatu tarehe 22, saa nne asubuhi, Syokau atakwenda Parklands, dukani kwa Jamleck, kumsikiliza. Zadock, ambaye sasa ameambiwa yote, ndiye atakayefungua duka.